Kununua nyumba ya mtu mwenye deni: karatasi iko kwa nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Munigi



Tuliombwa tuzungumze juu ya viwanja na nyumba zinazouzwa bei ya chini. Swali lilitoka kwa mama mmoja wa humu ndani, mwenye mtoto Marekani. Mtoto alimwambia kwa simu kwamba kule kuna nyumba ambazo mwenyewe anaziuza kwa bei isiyofika hata deni analodaiwa na benki, na benki inakubali. Mama akauliza: "Na hapa kwetu, hiyo iko?" Watu wakacheka kidogo. Sisi hatukucheka, juu ya jibu ni ndiyo, iko. Haina jina tu, na mtu anaingia ndani yake bila kujua ameingia.

Tueleze kwanza ya kule, kwa kifupi. Mtu alikopa benki akanunua nyumba, na nyumba yenyewe ikawa rehani. Kisha kazi ikapotea, au bei za nyumba zikaanguka kama zilivyoanguka Marekani mwaka 2008. Tuseme anadaiwa 100, na nyumba leo haizidi 80. Badala ya benki kwenda kuichukua nyumba na kuipiga mnada, inamruhusu aiuze 80, inachukua hizo 80 na kuachilia rehani. Ukisikia hivi unaona rahisi. Lakini mnunuzi anakubaliana bei na mwenye nyumba, na neno la mwisho linabaki kwa benki, ambayo inaweza kukaa miezi bila kujibu. Kama kuna mkopeshaji wa pili, naye lazima akubali. Nyumba inauzwa kama ilivyo. Paa likivuja, ni lako. Na hizo 20 zilizobaki, wakati mwingine muuzaji anasamehewa, wakati mwingine anaendelea kudaiwa, kufuatana na yaliyoandikwa.

Kwa hiyo kule wanajua kwamba kuna watu watatu: mwenye nyumba, anayemdai, na mnunuzi. Hapa Munigi tunanunua kama watu wawili. Wa tatu anakuja baadaye kupiga hodi.

Mwaka jana hodi hiyo ilipigwa kwa mwanachama wetu, na sisi tuliomshauri tulikuwa na kosa ndani yake. Tuliomba ruhusa yake tuisimulie bila kutaja jina, naye akasema: "Semeni tu, wengine wasifanye sawa mimi."

Mama huyo alirudi kutoka Nakivale, Uganda, na watoto wanne. Alikuwa na dola 1,800: nyingine aliziweka akiba kule akiuza samaki, nyingine kaka yake alimtumia. Alikuwa analipa nyumba ya kupanga kila mwezi, na kila mwezi akiba inapungua. Komisionere mmoja akamletea habari: kiwanja cha mita 15 kwa 20, nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, choo kiko, na mwenyewe anataka kuuza upesi. Viwanja vya jirani vilikuwa vinauzwa karibu mara mbili ya bei ile. Mama alikuja kwetu siku ileile, anahema. "Wanangu, mukisema ndiyo, nalipa kesho."

Tulifanya kazi yetu, tulidhani. Tulikwenda kuona kiwanja. Tulizungumza na majirani wanne juu ya mipaka. Tulimwona shefu wa kijiji, naye akamtambua muuzaji. Tulihakikisha mke wa muuzaji yuko na anakubali, juu ya Sheria ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wote wawili wakubali ndipo nyumba ya ndoa iuzwe. Tuliona fishi ya kiwanja. Yaani, tuliona fotokopi ya fishi. Muuzaji alisema ya asili iko nyumbani kwa mdogo wake, Ndosho, ataileta wiki ijayo. Tukaandika karatasi ya kuuziana, mashahidi wakatia saini, shefu akapiga muhuri, pesa zikahesabiwa juu ya meza. Tulikunywa hata soda.

Fishi ya asili haikuwa Ndosho. Ilikuwa ndani ya kabati la koperative moja ya akiba na mikopo. Yule papa alikuwa mfanyabiashara wa maharagi; alikuwa anapakia Rutshuru na kushusha Goma. Alikopa kwa ajili ya mzigo, njia ikafungwa, mzigo ukaoza, riba ikaendelea kutembea. Ili alipe koperative, akakopa tena kwa mtu binafsi, kile ambacho mji mzima unaita Banque Lambert. Huyo wa pili hakuchukua fishi, juu ya haikuwepo. Alimfanya atie saini karatasi ya kuuza kiwanja, tarehe ikaachwa wazi. Usipolipa, tarehe inaandikwa.

Dola 1,800 za mama yetu zilikwenda wapi? Kwa Banque Lambert, karibu zote, juu ya yule ndiye aliyekuwa anakuja usiku na vijana. Koperative haikupata kitu. Miezi 4 baadaye maajenti wake wakafika na karatasi zao, wakamkuta mama anafua nguo. Wakamwambia kwa adabu kabisa kwamba kiwanja kile kina deni la dola 1,050, riba na faini ndani, na kwamba yeye hawamjui.

Tuseme ukweli: yule papa si mwizi. Wengi wenu mlitaka tumshitaki, na tulielewa hasira yenu. Lakini naye ni mtu aliyekimbia na kurudi. Alikuwa anazama, akashika kamba iliyokuwa karibu. Sisi ndio tulioona fotokopi na kuiita karatasi.

Sasa, kwa nini mambo haya yamezidi hapa kwetu? Munigi ni kijiji ambacho mji unakimeza polepole. Kwa utawala tuko wilaya ya Nyiragongo, usultani wa Bukumu; kwa macho, ukitoka Majengo huoni pa kusema hapa mji umeisha. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na karatasi ya shefu, fishi, na huko juu mtu mwingine ana setifika ya ofisi ya hati za ardhi. Kisha volkano. Mwezi wa kwanza 2002 lava ilipita hadi katikati ya Goma, na tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ikashuka tena upande wetu, ikaishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mahali lava ilipolala, miti ya mipaka haiko, mawe ya mipaka haiko, kuna mwamba mweusi na kumbukumbu za wazee. Kisha vita. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 benki za Goma zilifunga milango, mishahara ya watu na akiba zao zikabaki upande wa ndani. Mwezi wa pili kambi za kuzunguka mji zikabaki tupu, watu wakatafuta pa kulala. Mwenye deni anauza ili apumue, asiye na nyumba ananunua ili alale, na wote wawili wana haraka. Komisionere anakula katikati.

Tuguse sheria kidogo, bila kuwachosha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimama kisheria kwa setifika ya kuandikishwa. Wengi wetu hapa hatuna setifika, tuko na fishi au karatasi ya shefu. Hiyo inaleta shida moja ambayo watu hawaioni. Kama kuna setifika, rehani ya kweli inaandikwa kwenye setifika na kwenye kitabu cha konservateri. Mnunuzi akienda kuuliza ataiona. Lakini rehani ya kukabidhi fishi kwa mkopeshaji haiandikwi popote pa kuonekana. Shefu haijui, jirani haijui, hata mke wakati mwingine haijui. Njia ya kuiona ni moja: kuomba karatasi ya asili na kuishika mkononi.

Jambo lingine. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na kufuatana na sheria hizo mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi akajichukulia nyumba ambamo mtu binafsi anaishi. Lazima apite mahakamani. Muuzaji akilijua hili, hofu inapungua, haraka inapungua, bei haianguki sana. Na mkopeshaji naye anajua kwamba mahakama ni ndefu na ina gharama. Hapo ndipo penye mlango wa mazungumzo. Koperative nyingi zingependa kupata nusu leo kuliko vyote siku isiyojulikana. Sisi hatukulijua hilo mpaka tulipokaa nao.

Tulikaa nao mara 5. Mara ya kwanza jereni hakutaka hata kutupatia viti. Tulimwambia: tumekuja na mnunuzi, muuzaji na mke wake, sote mbele yako, hakuna anayejificha. Tuambie unaweza kuachilia fishi kwa kiasi gani. Akasema 1,050. Tukarudi. Kamati yao ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi, na mwezi mmoja haikukaa. Mama yetu alikuwa analala na begi limefungwa mlangoni. Mwishowe walikubali kufuta faini na sehemu ya riba, wakataka 700. Papa muuzaji alitoa 250, aliuza pikipiki. Mama akatafuta 200. Na 250 zilitoka kwenye sanduku la mshikamano la chama hiki, kama mkopo kwa mama, bila riba, wa kurudisha kwa miezi 10. Mlipiga kura nyinyi wenyewe, na si wote mliinua mkono, tunakumbuka.

Kwa hiyo mama alilipa 2,250 mahali pa 1,800. Bado ni chini ya bei ya majirani. Lakini kama tungekwenda koperative mbele ya kununua, 700 zile zingetoka ndani ya 1,800 zilezile, mbele ya macho ya wote, na sanduku lisingeguswa.

Ndiyo maana leo tunasema hivi. Kiwanja kikiwa cha bei ya chini sana, swali la kwanza lisiwe "Kuna nini ndani ya kiwanja?" Liwe "Karatasi iko kwa nani?" Ukijibiwa iko kwa mdogo wangu, iko kwa kaka yangu Kampala, iko kwenye sanduku ufunguo umepotea, wewe jibu: sawa, tutangoja. Mtu asiye na deni atakwenda kuichukua. Mwenye deni atanyamaza, kisha atakwambia. Tuliona wanaume watu wazima wakilia hapo, juu ya ilikuwa mara ya kwanza kusema deni lao kwa sauti.

Akishasema, usikimbie na usimtukane. Sasa mnaweza kununua vizuri. Mwende wote watatu kwa mkopeshaji. Akubali kwa maandishi kiasi anachotaka ili aachilie, na aandike kama baki la deni limekwisha au linaendelea. Siku ya kulipa, pesa ya mkopeshaji ihesabiwe kwanza, mkononi mwake, atoe risiti na barua ya kuachilia rehani pamoja na karatasi ya asili, palepale juu ya meza. Kinachobaki ndicho cha muuzaji. Usimpe muuzaji vyote ukitumaini atakwenda kulipa. Hata mtu mwema akipita na 1,800 mfukoni, atakutana na anayemdai wa karibu zaidi.

Muulize pia, kwa upole na mbele ya mke wake, kama kuna karatasi nyingine aliyoitia saini. Hapa wengi wanaona haya. Banque Lambert haina ofisi wala daftari la kuulizia, kwa hiyo ni mdomo wa muuzaji tu. Kama ipo, mwenye nayo naye aitwe, arudishe ile karatasi ichanwe mbele ya mashahidi. Tunajua wengine wao si watu wa kuitwa kwenye kikao. Basi kiwanja hicho tukiache. Tunasema hivi tukijua wengine mtanung'unika.

Kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Wiki 6, wiki 8. Katikati atakuja mtu na pesa taslimu, komisionere atakupigia simu saa nne za usiku: "Mama, kiwanja kinaenda!" Tumekubaliana na wazee watatu wa chama washike avansi ya mnunuzi, iandikwe, isipite sehemu ya kumi ya bei, na irudi kwake kama mkopeshaji atakataa. Muuzaji naye anahitaji kula wakati anangoja. Hapo hatuna jibu zuri bado. Na nyumba inayongoja inachakaa. Tumeona moja ambayo kati ya makubaliano na malipo iligeuka: usiku manjanja sita yalitoka juu ya paa, na mlango wa nyuma ukahama. Andikeni hesabu ya mabati, milango, madirisha na tanki la maji siku ya kukubaliana, na mpige picha. Mjue pia kama kuna mpangaji au familia iliyokimbia ndani. Nao wasitupwe nje kama takataka; wapewe muda, na muda huo uingie katika bei.

Kuna wauzaji wengine ambao mdomoni wanauza, moyoni wanaweka rehani. Wanasema ndani yao: nikipata nitakikomboa. Sheria yetu inajua uuzaji wenye haki ya kukomboa kwa muda uliowekwa, lakini lazima uandikwe hivyo. Mkiandika "nimeuza" tu, imekwisha. Wasomeeni karatasi kwa Kiswahili, au kwa lugha anayoisikia vizuri, si Kifaransa cha haraka haraka na "tia saini hapa".

Juu ya mihuri na ofisi zilizobadilika mikono, hatutaingia siasa. Tunaomba kitu kimoja: ukipewa karatasi mpya, usikubali kunyang'anywa ya zamani. Zote zikae pamoja ndani ya plastiki, na kopi moja ikae kwa ndugu aliye mbali.

Kwa wafadhili wetu, neno fupi. Mnatusaidia kwa mabati, mbao na misumari, na tunashukuru, yanaonekana kwenye picha. Lakini kwenye fomu zenu za ripoti hatukuona mahali pa kuandika "vikao 5 na koperative" wala "nauli ya kwenda kuuliza ofisi ya ardhi". Nyumba tuliyoijenga juu ya kiwanja chenye deni, tumemjengea mkopeshaji. Tunaomba sehemu ndogo ya bajeti ya makao ielekee huko.

Na juu ya bei. Siku tulipokuwa tunapiga kura ya zile 250, mzee mama mmoja alisimama pale nyuma akasema: "Sisi tulipokimbia, vitu vyetu navyo viliuzwa hivihivi, mbuzi kwa bei ya kuku. Leo ni sisi tunanunua." Hakusema aliinua mkono au hapana. Tangu siku hiyo, mwanachama akituletea kiwanja cha bei ya ajabu, tunamuuliza pia huyu anayeuza atalala wapi. Yule papa wa maharagi yuko Kibati, amepanga chumba kimoja na familia yake. Mke wake ameomba kuingia katika kikundi chetu cha akiba, na ombi lake litasomwa mkutano ujao. Mama yetu amesema hatampinga.

Kuna viwanja 2 ambavyo tunangojea jibu la wakopeshaji wao sasa hivi. Wahusika wanajijua, wavumilie. Na aliye humu ndani ambaye ameonyeshwa fotokopi tu, aje nayo Jumatano asubuhi, mbele ya kutoa hata dola moja ya avansi. Tutakwenda naye.